Kanuni ya Kwanza: Hakuna Salamu

Tangu saa mbili asubuhi ile ya Alhamisi Shufaa alikuwa hajakaa kitini. Alizunguka stoo ya duka la vitambaa la mzee Ramniklal, akipita kati ya majora ya poplini na marundo ya kanga, akifika ukutani, akigeuka, akirudi, huku vidole vyake vikisugua pindo la mtandio mpaka nyuzi zikaanza kuchomoka. Wako watu wakipata wasiwasi hutafuna kucha. Shufaa hutembea, na mtandio wake ndio unaopata tabu.

Kilichomnyima utulivu kilikuwa ndani ya simu. Daktari Sihaba wa chuo kimoja cha Dar es Salaam alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya upole, ule upole unaoudhi kuliko matusi.

“Shufaa mpenzi, kesho alasiri ndiyo mwisho wa kukabidhi. Mna watu kumi na mmoja, wanatakiwa kumi na wawili. Huyo ndugu wa Mlingotini hasemi, nilimpima mwenyewe mwaka juzi. Mwache dada yake amjazie fomu, yaishe. Ila ujue ukifanya hivyo kamati haitakubali tena kuandika kwamba utafiti umeongozwa na wenye usonji wenyewe. Itabidi jina langu likae mbele, ninyi muwe wasaidizi. Sidhani kama ni jambo kubwa.”

Si jambo kubwa! Shufaa aliusikiliza ujumbe ule mara sita, na kila mara alipofika hapo alihisi kama mtu amemkanyaga kidole. Maisha yake yote watu walikuwa wakimjazia fomu. Mama alijaza, walimu wakajaza, na alipokuwa na miaka saba daktari mmoja aliandika kwenye faili lake kwa kalamu nyekundu: “Anarudia maneno bila maana.” Alifika miaka ishirini na sita ndipo akajua kwamba alivyozaliwa kuna jina lake, usonji, na kwamba hakuwa mkaidi wala mwenye kiburi kama walivyosema mashangazi. Sasa alikuwa na thelathini na moja. Miaka miwili mizima yeye na Mihir walikuwa wakizunguka Bagamoyo kuwauliza wenzao swali moja: kitu gani kinakuumiza ambacho watu wako hawakijui? Jibu lilipaswa kutoka kwa mwenyewe. Aseme, aandike, achore, aonyeshe kwa kidole, vyovyote awezavyo, lakini litoke kwake. Wakimwachia ndugu ajibu, basi hawakufanya kitu, wamerudi kulekule kwenye kalamu nyekundu.

Na Mihir, ambaye alikuwa ameketi juu ya jora la kitambaa cha mapazia akipanga karatasi kwa tarehe, alikuwa mtoto wa mwenye duka. Naye ana usonji. Hawezi kusema uongo hata ule mdogo wa kumfurahisha mteja, na baba yake alipochoka kumsikia akiwaambia wanawake kwamba rangi ile haiwapendezi, alimwondoa kwenye kaunta akamweka stoo. Mihir alifurahi sana. Stoo ikawa ofisi ya utafiti.

Humo stoo ndimo walimotunga kanuni zao kumi za kuhoji watu, na kanuni ya kwanza ilikuwa hii: hakuna salamu. Anayeujua mwambao atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Huku mtu hakuulizi hata njia ya kwenda dukani kabla hajajua umeamkaje, nyumbani hawajambo, na mgonjwa wenu anaendeleaje. Lakini wawili hawa walikuwa na machungu yao. Shufaa alifinywa sana utotoni kwa kusahau kuitikia, au kuitikia akiwa ameangalia dari. Mihir alikuwa akijificha chini ya kaunta wateja wakiingia. Kwa hiyo wakakubaliana kwamba kwao mtu asibebeshwe mzigo ule: wanafika, wanakaa, wanasema wanachotaka. Watu kumi na mmoja waliwashukuru. Bwana mmoja wa Kerege alicheka kwa raha akasema laiti dunia nzima ingekuwa hivyo. Basi wakaiamini kanuni yao kama kwamba imeshushwa kutoka mbinguni.

Kisha wakaenda Mlingotini kwa Abuu.

Abuu alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, akiishi na mdogo wake, Mize, muuza barafu. Mama yao alifariki mwaka uliopita, na tangu hapo, alisema Mize, kaka yake ameharibika. Kila asubuhi anaupiga mlango wa chumba cha dada yake. Anapiga mpaka vidole vinatoka damu. Majirani wamelalamika, shekhe amesoma, mganga amefukiza, haikusaidia. Mjomba wao wa Mkange alikuwa amekubali kumchukua akakae naye shambani, mbali na watu, na gari lingekuja Ijumaa baada ya sala. Kesho, yaani.

Mara ya kwanza walipokwenda, wiki tatu zilizopita, waliingia ua wa Mize bila neno, wakaketi, wakatoa karatasi. Mize aliwatazama kama wezi. Mara ya pili walikuja na kadi za picha. Abuu alizipokea, akazigeuza zote uso chini, akaingia ndani. Mpaka leo hii Shufaa alikuwa hana hata mstari mmoja wa jibu.

“Tusikilize ile ya kwanza,” alisema Mihir, akimaanisha sauti waliyorekodi kwa ruhusa ya Mize.

“Nimeshaisikiliza. Hamna kitu.”

“Mimi sijaisikiliza.”

Wakaiwasha. Kulikuwa na mngurumo wa friza la Mize, ule mngurumo uliomtesa Shufaa siku ile mpaka meno yakamuuma. Kisha sauti nene ya mwanamume: “Hujambo?” Kisha sauti ya Shufaa, changamfu, yenye kujua kila kitu: “Kaka Abuu, kwetu si lazima kusalimiana.” Kimya. “Hujambo?” Kimya tena. “Hujambo?” Halafu nyayo zikiondoka.

Mihir alizima. “Amekuuliza mara tatu,” alisema. “Hukumjibu.”

“Kanuni ya kwanza, Mihir!”

“Naijua, niliiandika mimi. Lakini ameuliza mara tatu, na ya tatu sauti yake imeshuka.”

Shufaa alifungua daftari lake la siku ile apate kujitetea. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mwenyewe, mzuri, ulionyooka: “Hajibu. Anarudia maneno.”

Alisoma, akasoma tena. Aliona haya kiasi kwamba alitamani majora yale yamwangukie, na kwa kuwa hayakumwangukia alichukua mkoba wake akatoka mbio kutafuta bajaji. Mihir alimfuata na vifuniko vyake vya masikio shingoni.

Njia nzima hakutulia. Salamu kwake zilikuwa kama kuogelea: anajua inavyofanywa, lakini kila mara anahisi atazama. Akawa anafanya mazoezi kwa sauti. “Habari za asubuhi. Habari za nyumbani. Habari za tangu juzi.”

“Njema tu, dada yangu,” dereva wa bajaji alimwitikia kila mara, “nyumbani wazima, tunashukuru Mungu,” mpaka Mihir akamweleza kwamba haulizwi yeye.

Mlingotini walimkuta Mize uani akipasua barafu kwa shoka dogo. Shufaa alisimama nje ya ua.

“Hodi!”

Mize hakugeuka. Shufaa alipiga hodi ya pili, akapiga ya tatu.

“Karibu,” Mize alisema mwishowe. “Leo mmekuja na midomo?”

“Tumekuja nayo, dada Mize. Umeamkaje?”

“Salama.”

“Habari za nyumbani?”

“Njema.”

“Na za kazi? Na wateja? Na... na barafu?”

Mize alimkodolea macho, halafu kicheko kikamtoka bila kutaka. Akaweka shoka chini, akajifuta mikono kwa kanga, akawaletea vigoda. “Mmechelewa lakini mmefika. Kaka yenu yumo ndani. Nguo zake nimeshazifunga.”

Ndani, pembeni mwa sebule, Abuu alikuwa ameketi kwenye mkeka uliobanwa kati ya ukuta na lile friza. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa kitambaa. Mguuni pake kulikuwa na fuko la nguo. Friza lilinguruma, na Shufaa alihisi mngurumo ule ukimpanda uti wa mgongo. Ndilo hili, alijiambia, kama alivyojiambia mara mbili za mwanzo. Hata kwenye rasimu ya ripoti alikuwa ameshaandika, ukurasa wa tatu, kwamba mhojiwa wa kumi na mbili anaumizwa na kelele za mashine. Ilibaki tu yeye mwenyewe aseme.

Hakuketi mbele yake. Aliketi kando yake, wote wawili wakaelekea mlangoni, kila mmoja na macho yake.

“Shikamoo, kaka Abuu.”

“Huyo haamkiwi, dada,” Mize alisema kutoka mlangoni, bila ubaya. “Hajui. Hata watoto wa mtaa hawamwamkii.”

“Marahaba,” alisema Abuu.

Abuu aligeuza kichwa kidogo, na swali lililokuwa likingoja wiki tatu likatoka. “Hujambo?”

“Sijambo,” Shufaa alijibu. “Nisamehe, siku ile sikukujibu. Sijambo. Wewe hujambo?”

“Sijambo.”

“Habari za usiku?”

“Njema.”

“Habari za chai?”

“Njema. Sukari kidogo.”

“Hee!” alisema Mize.

Shufaa akakusanya nguvu, akauliza kwa uhakika wa mtu anayejua jibu. “Na habari za friza?”

Abuu aliegemeza mgongo wake wote kwenye ubavu wa mashine, akafumba macho. “Njema,” alisema. “Alhamdulillahi.”

Mihir, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, alitoa kalamu. “Ukurasa wa tatu tumekosea,” alisema kwa sauti, akaufuta.

Shufaa aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena. Mtu mwingine angemuuliza ana nini. Abuu alimngoja tu, kama mtu anayengoja maji yachemke, na alipoketi tena alikuwa tayari. Shufaa aligundua kwamba mara mbili sasa alikuwa amekuja na jibu lake mfukoni. Kwanza alidhani kinachomchosha yeye kinamchosha Abuu. Kisha akadhani kinachomuumiza yeye kinamuumiza Abuu. Daktari Sihaba angefanya kosa gani kubwa kuliko hilo? Basi akaamua kuuliza bila kujua.

“Habari za asubuhi?”

“Mbaya.”

“Ndiyo hayo!” Mize alidakia. Kwa watu wetu habari ni njema hata kama jeneza liko sebuleni. Kwanza njema, halafu ndiyo useme yaliyokusibu. “Ndiyo maana tulimkataza kusalimia wageni. Anatutia aibu. Siku ya matanga ya mama, shekhe kamuuliza habari za nyumbani, kajibu mbaya sana, mbele za watu wote!”

“Si zilikuwa mbaya?” aliuliza Mihir.

Mize akaanza kukunja ncha ya kanga yake.

“Habari za mlango?” Shufaa aliuliza.

“Mbaya.”

“Za dada?”

“Njema. Amelala.”

“Na mama?” Shufaa aliuliza polepole, maana hakujua kama ana ruhusa. “Mama je, kaka Abuu?”

Abuu aliugeukia mlango wa chumba. Kisha akanyoosha mkono wenye kitambaa, akagonga sakafu mara moja tu, kidogo, na akaanza kusema kwa sauti isiyokuwa yake, sauti ya mwanamke mzee, laini, yenye usingizi. “Umeamkaje, baba? Salama. Umeota nini, baba? Sijaota. Haya, njoo unywe chai, baba.” Akagonga tena mara moja. “Umeamkaje, baba? Salama. Umeota nini, baba?”

Mize aliketi juu ya ndoo ya barafu bila kuangalia anakalia nini. Ilikuwa sauti ya mama yake, Bi Zaina, kila pumzi yake, ikitoka kwenye kifua cha kaka yake.

“Alikuwa anamgongea,” alisema, na machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. “Kila asubuhi. Mara moja tu, mama anafungua, wanasema hivyohivyo, maneno yaleyale, tangu sisi wadogo. Mimi nikiwacheka. Mama alipokufa nikahamia chumbani kwake. Anagonga, mimi namwambia kutoka kitandani, Abuu, acha! Anagonga tena. Ya Allah, mwaka mzima kaka yangu anapiga hodi, mimi namwambia nyamaza.”

Mihir alikuwa ameacha kuandika. Shufaa alitaka kutoka akatembee mpaka Bagamoyo kwa miguu, lakini alibaki, kwa sababu bado kulikuwa na swali moja.

“Habari za Mkange, kaka Abuu?”

“Mbaya. Mkange sitaki.”

“Sawa,” alisema Mize haraka, akiinuka. “Sawa, kaka. Nimekusikia.” Akalichukua lile fuko la nguo, akaenda nalo ndani.

Shufaa akadhani wamemaliza. Alikuwa anakunja daftari lake pale Abuu alipogeuka, si kumtazama usoni, bali kuutazama mtandio wake uliochanika pindo.

“Habari za kazi?” aliuliza.

Neno njema lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Shufaa. Lilifika lenyewe, kama lilivyofika kila siku kwa miaka yote tangu alipofundishwa kwa kufinywa. Akalimeza.

“Mbaya, kaka Abuu.”

“Habari za usingizi?”

“Mbaya. Silali.”

“Habari za nyumbani?”

“Njema.”

“Habari za friza?”

Shufaa alicheka na kulia kwa pamoja. “Mbaya sana! Mbaya, kaka Abuu, linaniua, tangu siku ya kwanza.”

Abuu alifikiri. Aliupapasa ubavu wa friza lake kwa kiganja, mara moja, taratibu. Kisha akanyoosha mkono ukutani akazima swichi.

Mngurumo ukakatika. Nyumba nzima ikatulia, hata kuku wakasikika uani.

“Barafu yangu!” Mize alipiga kelele kutoka chumbani.

“Pole,” Abuu alimwambia Shufaa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia pole kwa jambo lile, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Shufaa aliinamisha kichwa magotini, akalia kama mtoto, na Abuu aliketi kando yake akiangalia mlango, asimguse, asiulize zaidi, mpaka alipomaliza. Hapo ndipo alipoliwasha tena friza.

Fomu ilikuwa na nafasi mbili za majina, ya anayehoji na ya anayehojiwa. Walipokuwa kwenye bajaji Mihir alitaka kujua ajaze vipi, maana kwa hesabu yake maswali manne ya mwisho yaliulizwa na Abuu. Shufaa alimwambia aandike ilivyokuwa. Mihir akaandika majina yote mawili katika kila nafasi, akaridhika.

Alasiri ileile Shufaa alimtumia Daktari Sihaba fomu na sauti, na jioni daktari alipiga simu.

“Majibu yote ni yake,” alisema.

“Yake mwenyewe.”

“Mimi ndiye niliyeandika hasemi.”

“Na mimi niliandika anarudia maneno,” Shufaa alisema. “Kanuni ya kwanza tumeifuta. Sasa tutamuuliza kila mtu kama anataka salamu au hataki.”

Daktari alishusha pumzi. “Jina langu liondoe mbele,” alisema. “Kazi ni yenu.”

Ilipasa Shufaa alale fofofo usiku ule. Wapi! Ijumaa alfajiri alikuwa ameshaanza kuzunguka uani kwao, mtandio mkononi, akiwaza kama Mize ataamka na moyo wa jana au wa juzi, kama mjomba amekwisha kuambiwa gari lisije. Saa kumi na mbili na nusu simu ikalia mlio wa ujumbe wa sauti kutoka kwa Mize. Aliuweka sikioni huku anatembea.

Kwanza ngurumo ya friza. Kisha mlango ukagongwa, mara moja, kidogo. Kitanda kikalia, miguu ikaburuta ndala, komeo likavutwa.

“Shikamoo, kaka,” ilisema sauti ya Mize, yenye usingizi na aibu.

“Marahaba.”

“Umeamkaje?”

“Salama.”

“Umeota nini?”

“Sijaota.”

“Haya, njoo unywe chai.”

Shufaa alidhani imekwisha, lakini rekodi iliendelea, na Abuu akauliza, “Shufaa hajambo?”

“Sijui, kaka,” alijibu Mize. “Hebu tumuulize.”

Hapo ujumbe ulikatika. Shufaa aligundua kwamba amesimama katikati ya ua, na kwamba mkono wake umeuachia mtandio. Aliketi kizingitini, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akafikiri vizuri kabla ya kujibu, kwa kuwa aliyeuliza alitaka kujua.

“Sijambo, kaka Abuu,” alisema. “Leo sijambo.”